Fundisha Kivinjari Chako Kutafuta Mambo ya Mara

Mwalimu wa sekondari pale Bunda anapotaka fomati ya mtihani wa Historia wa kidato cha nne, hufanya kile tunachofanya karibu wote: anafungua kivinjari, anaandika maneno mawili matatu kwenye kisanduku cha juu, anabonyeza. Mara nyingi kinachorudi ni msururu wa blogu. Moja ina matangazo yaliyoziba nusu ya kioo. Nyingine ina kitufe kikubwa cha "Pakua" kinachompeleka kwenye ukurasa wa kubeti. Ya tatu ina waraka wenyewe, lakini ni wa zamani na umepigwa picha kwa simu. Bando linakwenda. Wakati huohuo fomati halisi ipo bure kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, necta.go.tz, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo huonyesha swali kwa swali wanafunzi waliteleza wapi.

Mwalimu huyo hana kosa. Kisanduku kile kimepangwa kutafuta dunia nzima, na dunia nzima ni kubwa mno kwa mtu anayetaka waraka mmoja. Lakini kinapangika upya. Unaweza kukiongezea mtambo mwingine wa kutafuta, au hata mitano, kila mmoja na kazi yake. Na kwa sisi tunaoishi Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, naamini mtambo mwembamba unaotafuta mahali pachache panapoaminika utatufaa kuliko mkubwa mwingine unaotafuta kila mahali. Kazi yenyewe haihitaji fundi wala malipo.

Ujue kwanza kwamba mtambo ulioukuta kwenye simu yako siku ulipoinunua haukuwekwa pale kwa bahati. Nafasi hiyo ina bei. Katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliifungulia Google, ilibainika kwamba kwa mwaka 2021 peke yake kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa watengenezaji wa simu, wenye vivinjari na kampuni za mitandao ya simu, ili iwe chaguo la kuanzia. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya Washington aliamua kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Umoja wa Ulaya uliitoza faini ya yuro bilioni 4.34 kwa masharti iliyowawekea watengenezaji wa simu za Android. Kampuni hailipi fedha za namna hiyo bila kujua kitu kimoja kuhusu sisi watumiaji: wengi hatugusi mipangilio. Sikuambii uitupe Google, maana ni mtambo mzuri na mimi mwenyewe naitumia. Nakuambia kwamba alichochagua mwingine kwa mabilioni, wewe unaweza kukibadili bila kutoa hata shilingi.

Ujanja wote umo kwenye anwani. Fungua duckduckgo.com, tafuta neno "dagaa", kisha angalia juu kwenye anwani ya ukurasa wa majibu. Utaona kitu kama hiki:

https://duckduckgo.com/?q=dagaa

Huenda kukawa na mkia mrefu wa herufi baada yake, ufute tu. Sasa ondoa neno "dagaa" na mahali pake andika alama ya asilimia ikifuatiwa na herufi s ndogo:

https://duckduckgo.com/?q=%s

Basi, umetengeneza mtambo. Alama ile %s ni kama nafasi iliyoachwa wazi kwenye kadi ya mchango wa harusi: kadi imechapwa ileile kwa wote, jina la mwalikwa linajazwa baadaye. Kila utakapoandika neno la kutafuta, kivinjari kitalichukua na kulijaza pale. Karibu tovuti yoyote yenye kisanduku cha kutafutia inaweza kugeuzwa mtambo kwa njia hiyo, mradi neno ulilotafuta lionekane kwenye anwani ya majibu. Lisipoonekana, tovuti hiyo haitakubali, usipoteze muda nayo.

Kwenye kompyuta yenye Chrome, usihangaike kupitia menyu. Andika chrome://settings/searchEngines kwenye kisanduku cha anwani na ubonyeze Enter. Kwa Edge ni edge://settings/searchEngines. Teremka hadi sehemu ya utafutaji wa tovuti, bonyeza kitufe cha kuongeza, na utaulizwa mambo matatu: jina la mtambo, kifupi chake, na anwani yenye %s. Jina ni lolote litakalokukumbusha. Kifupi kiwe herufi mbili au tatu tu, kwa sababu ndicho utakachoandika kila siku. Hifadhi. Kuanzia hapo, ukiandika kile kifupi kwenye kisanduku cha anwani, ukabonyeza kitufe cha Tab, kisanduku kitaonyesha jina la mtambo wako. Andika unachotafuta na uendelee.

Firefox ina ukurasa wake, about:preferences#search, na matoleo ya karibuni yana kitufe cha kuongeza mtambo palepale. Ikiwa kompyuta ya shule yako ni ya zamani na kitufe hicho hakipo, bado kuna njia: tengeneza alamisho (bookmark) mpya, kwenye anwani yake weka ile yenye %s, na kwenye nafasi ya neno kuu weka kifupi chako. Utaandika kifupi, nafasi, kisha maneno. Njia hii imefanya kazi kwenye Firefox kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye mitambo yenyewe, maana hapa ndipo penye faida.

Wa kwanza ambao ningemwekea kila mtu ni wa nyaraka za serikali:

https://www.google.com/search?q=site:go.tz+%s

Neno "site:" linaiambia Google isitoke nje ya anwani zinazoishia na go.tz, na anwani hizo zimetengwa kwa taasisi za serikali ya Tanzania. Mtu binafsi anaweza kujisajilia anwani ya co.tz, lakini hawezi kwenda kununua go.tz. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa kijana wa Butiama anayetafuta kazi. Akiandika "ajira mpya serikalini" kwenye kisanduku cha kawaida, anaweza kuangukia ukurasa wenye nembo ya taifa unaomwambia atume "ada ya fomu" kwa namba ya simu. Kuomba kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hakulipiwi. Akitafuta maneno yaleyale kwa mtambo wa go.tz, kurasa za matapeli zilizo nje ya go.tz hazitaonekana kwenye majibu ya kawaida. Ila angalizo moja: Google inaweza bado kuweka matangazo ya kulipiwa juu ya majibu, na matangazo hayo hayafungwi na sharti lako. Yana alama ya kuonyesha kuwa yamelipiwa. Yaruke.

Mtambo huohuo unatibu kero ambayo watu wa mikoa mingine hawaijui. Andika "Mara" kwenye kisanduku cha kawaida, na usishangae ukiletewa Maasai Mara ya Kenya, hoteli zake na bei zake kwa dola. Ukijifunga ndani ya go.tz unaziepuka tovuti hizo za hoteli. Unaweza kuubana zaidi kwa kuandika site:mara.go.tz badala ya site:go.tz, ukapata mtambo unaotafuta tovuti ya mkoa peke yake. Na halmashauri yako ikiwa na tovuti, fanya vivyo hivyo kwa anwani yake. Zabuni, matangazo ya viwanja, orodha za walioitwa kwenye usaili: vitu hivi vinawekwa kwenye tovuti za halmashauri na kukaa pale bila kusomwa, kisha tunavipata kwenye makundi ya WhatsApp siku ya mwisho imeshapita.

Mwalimu wetu wa Bunda ajiwekee site:necta.go.tz kwa mfumo uleule. Akiandika "Historia" tu, atakuwa anachimba ndani ya nyaraka za Baraza bila blogu hata moja kati yake na anachokitaka.

Mtambo wa tatu ni wa Wikipedia ya Kiswahili:

https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s

Wikipedia hiyo ilianza mwaka 2003 na inaandikwa na watu wanaojitolea. Ubora wake haulingani kila mahali, na makala nyingine ni fupi mno. Lakini kwa mambo ya kwetu ina kitu ambacho hutakipata kirahisi kwingine kwa Kiswahili: makala za kata moja moja, za wilaya, za makabila na lugha. Mwanafunzi akiandika "Wazanaki", "Wajita" au "Waikizu" atapata pa kuanzia. Na mahali atakapokuta makala imepwaya, ana haki ya kubonyeza "hariri" na kuongeza anachokijua kwa uhakika. Ningefurahi sana kuona walimu wa Musoma wakilifanya hilo kuwa zoezi la darasani.

Wa nne unahusu ardhi, na nauombea usomwe kwa makini. Migogoro ya mipaka, mirathi na malisho inawapeleka watu wengi wa mkoa huu kwenye mabaraza ya ardhi na hadi Mahakama Kuu pale Musoma, na wengi huenda bila kujua kesi kama yao iliamuliwaje. Hukumu za mahakama zetu zinawekwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Jitengenezee mtambo:

https://www.google.com/search?q=site:tanzlii.org+%s

Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi, hasa za nyuma, zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo tafuta mara mbili, kwa lugha zote mbili, na ongeza neno Musoma ili upate kesi za karibu. Tafuta pia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, uisome yenyewe. Kusoma hukumu hakumfanyi mtu kuwa wakili, na wakili au msaidizi wa kisheria bado unamhitaji. Lakini mtu aliyesoma huuliza maswali bora, na ni vigumu kumdanganya.

Kwa wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere pale Butiama, kuna mtambo wa machapisho ya kitaaluma:

https://scholar.google.com/scholar?q=%s

Ujaribu kwa jambo lililotokea hapahapa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio la elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo 1977. Azimio hilohilo lilitaka wanafunzi wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Tafuta "Azimio la Musoma" kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kisha kwenye mtambo wa go.tz, halafu "Musoma Resolution" kwenye mtambo wa machapisho. Utaona kwa macho yako kwamba kila mtambo una ghala lake, na kwamba watafiti wengi wa elimu yetu wameandika kwa Kiingereza, lugha ambayo utafutaji wako wa Kiswahili haukuigusa.

Je, unahitaji mtambo mwingine mkubwa, mshindani wa Google? Mmoja unatosha, kwa ajili ya kulinganisha. DuckDuckGo, iliyoanza mwaka 2008, inaahidi kutoweka kumbukumbu ya utafutaji wa mtu mmoja mmoja, na hilo ni jambo la maana ukiwa unatafuta habari za ugonjwa au za ndoa yako. Ila fahamu kwamba majibu yake kwa sehemu kubwa yanatoka Bing ya Microsoft, hivyo kuwa na DuckDuckGo na Bing kwa pamoja hakukupanulii sana. Mtambo wa Brave una faharasa yake wenyewe, yaani orodha yake ya kurasa za mtandao: https://search.brave.com/search?q=%s. Jaribu kwa maneno ya Kiswahili unayoyatumia wewe, kwenye mambo unayoyajua vizuri, ndipo uamue. Usiamue kwa kusifiwa.

Yote hayo ni rahisi kwenye kompyuta, lakini wengi wetu intaneti tunaishika mkononi. Hapa vivinjari vinatofautiana sana. Chrome ya Android haikupi nafasi ya kuandika anwani yenye %s. Inachofanya ni kukumbuka baadhi ya tovuti ulizotafuta ndani yake: fungua sw.wikipedia.org, tafuta kitu kimoja pale, kisha bonyeza nukta tatu kwenye kona, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya mtambo wa kutafuta, na huenda ukaikuta Wikipedia chini ya tovuti ulizotembelea karibuni. Lakini ukiichagua, ndiyo itakayojibu kila kitu, hata bei ya sangara, na hilo si jambo unalolitaka. iPhone ni ngumu zaidi: Safari inakupa orodha fupi iliyokwisha kupangwa, uchague humo.

Kwa simu ya Android, basi, ushauri wangu ni kupakua Firefox na kuiweka pembeni ya Chrome. Ndani yake bonyeza nukta tatu, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya kutafuta, na utakuta pa kuongeza mtambo. Andika jina, bandika anwani yenye %s. Unapotaka kutafuta, gusa alama ndogo iliyo mwanzoni mwa kisanduku cha anwani. Orodha ya mitambo yako itafunguka, chagua mmoja kwa utafutaji huo tu. Mtambo wa kila siku unabaki palepale. Ili usiandike anwani ndefu kwa vidole, mtu mmoja mwenye kompyuta azitume zote kwenye kundi la walimu au la familia, wengine wanakili na kubandika.

Kuna mambo ambayo hayatafutwi kwa mtambo wowote. Siku matokeo ya mitihani yanapotangazwa, mitambo huwa bado haijazifikia kurasa mpya, na pengo hilo ndilo blogu za matangazo zinalolivuna. Nenda moja kwa moja necta.go.tz. Vivyo hivyo mvuvi anayetaka kujua upepo wa ziwani usiku huu asitafute "hali ya hewa Musoma" akaishia kwenye utabiri wa juzi, afungue meteo.go.tz ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na aiweke alamisho kwenye uso wa simu. Chenye kubadilika kila saa kinafuatwa kwenye chanzo chake.

Kisha jihadhari na mtambo unaojiongeza wenyewe. Dalili ni hii: umepakua programu ya bure ya kugeuza PDF au ya kupakua video, na kesho yake kisanduku chako kinakupeleka kwenye mtambo wenye jina usilolijua, uliojaa matangazo. Usianze kwa kubadili mtambo, maana ule mgeni utarudi. Anza na mzizi: andika chrome://extensions, ondoa kiendelezi chochote ambacho hukukiweka kwa kukusudia, ondoa na ile programu, ndipo urudi kwenye ukurasa wa mitambo na kuufuta ule mgeni. Na mtu akikutumia anwani yenye %s, isome kabla ya kuibandika. Sehemu iliyo kati ya https:// na mstari wa mlazo unaofuata ndiyo inayosema maneno yako yanakwenda kwa nani. Ikiwa huijui tovuti hiyo, usiipe nafasi ya kusoma kila unachotafuta.

Mtambo uliodumu unaweza pia kufa, kwa sababu tovuti imehama au imebadilisha mpangilio wake. Ukikuletea ukurasa mtupu mara mbili mfululizo, fungua tovuti yenyewe, tafuta neno moja, nakili anwani mpya ya majibu na uweke %s upya.

Nina ombi kwa wenye maduka ya stesheneri, kuanzia Musoma mjini hadi Kiabakari na Nyamuswa. Kwenu ndiko vijana wanakokuja kuomba ajira na mikopo ya Bodi, na wazazi kuchapisha matokeo ya watoto. Wekeni mtambo wa go.tz na ule wa NECTA kwenye kila kompyuta ya dukani, mwandike vifupi vyake kwenye karatasi na kuibandika juu ya kioo. Mteja akimaliza, futeni historia ya kivinjari na hakikisheni ametoka kwenye akaunti yake, kwa kuwa anayemfuata kwenye kiti hatakiwi kuona namba yake ya NIDA.